Miaka sita tunaishi ndani ya boti ya matanga na watoto wawili: nyumba tunayo, je, mtaa wetu ni upi?

BintiKojani (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Nimekuwa msomaji wa jukwaa hili kwa muda mrefu bila kuandika, na leo naanzisha uzi kwa sababu ya maneno matatu yaliyoandikwa kwenye fomu ya mwanangu wiki mbili zilizopita. Tulikwenda katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, kufuatilia karatasi za mtoto wetu wa pili mwenye umri wa miaka mitano. Karani alituuliza mtaa, kata na namba ya nyumba. Mume wangu akamweleza kwa upole kwamba tunaishi ndani ya boti iliyotia nanga ghubani Tanga, na kwamba kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikiingia tutakuwa mahali pengine. Karani hakutukejeli wala hakutufukuza. Aliinama, akafikiri kidogo, akaandika kwenye nafasi ya makazi: "Hana makazi maalumu." Binti yetu mkubwa, mwenye miaka tisa, alikuwa amesimama karibu na meza, akayasoma maneno yale kwa sauti, na tulipokuwa tukirudi ufukweni akaniuliza kama ni kweli kwamba sisi hatuna makazi.

Sikuwa na jibu la haraka, na ndiyo maana nawaandikia.

Nianze na sisi ni nani. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na ukoo wa mama yangu unatoka Kojani, Pemba. Kazi yangu ni uuguzi. Mume wangu ni fundi wa boti kutoka Kilifi, na riziki yetu kubwa inatokana na mikono yake: kuziba boti za faiba, kufungua injini, kushona matanga yaliyochanika. Mwaka 2019 tulinunua boti ya mita 11 iliyokuwa imetelekezwa na mwenyewe katika mkono wa bahari wa Kilifi, ubavu mzima umeota chaza, mlingoti umesimama lakini kamba zote zimeoza. Bei yake isingetosha kununua kiwanja mjini. Tulifanya kazi miezi saba, tukahamia ndani na binti yetu akiwa na miaka mitatu. Wa pili alizaliwa mwaka uliofuata, hospitalini Tanga, na kitovu chake kimezikwa uani kwa mama yangu, chini ya mlimau.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa hai tulipohamia botini, na pingamizi lake ndilo lililonikaa moyoni kuliko la mtu mwingine yeyote. Marehemu mumewe alikuwa mvuvi wa Kojani, na kila mwaka alikwenda dago na wenzake, wakapiga kambi Tanga, Vanga, Shimoni, kokote samaki walikokuwa, miezi miwili au mitatu bila kurudi. Bibi akaniambia: "Babu yako alikwenda dago, mimi nikabaki, kwa sababu nyumba lazima iwe na mtu. Wewe unaichukua nyumba yenyewe unakwenda nayo dago. Sasa msiba ukitokea, watu watakuja kukaa wapi?"

Naomba muutafakari usemi huo kabla ya kuniuliza kuhusu mawimbi. Watu wa pwani tumesafiri baharini zaidi ya miaka elfu moja, tumekwenda Arabuni na Ngazija kwa pepo hizi hizi, lakini chombo chetu kilikuwa cha wanaume, na familia ilikuwa nchi kavu ikingoja. Kwa hiyo mwanamke anayelelea, anayepikia na anayesomeshea watoto ndani ya chombo ni kioja hata kwa Mswahili aliyezaliwa akisikia mawimbi. Wenye maboti kutoka Ulaya tunaokutana nao Kilifi na Mtwapa hulitazama jambo hili kama uamuzi wa mtu binafsi. Kwetu sisi ni jambo la ukoo mzima.

Maisha ya ndani nitayaeleza kwa ufupi, maana wengi hudhani tunaishi kwa anasa. Meza ya chakula hushushwa usiku ikawa kitanda cha wazazi. Watoto wanalala omoni, mbele ya boti. Jiko la gesi limening'inizwa kwa vyuma viwili ili boti ikilala upande mmoja sufuria ibaki wima. Tangi letu linachukua lita 350, na maji hayo ndiyo ya kunywa, kupikia na kusuuzia mwili baada ya kuoga maji ya chumvi. Umeme ni wa sola. Kuna sheria tatu ambazo hazijadiliwi: mtoto hatoki kibandani boti ikiwa safarini bila jaketi la kuokolea na kamba iliyofungwa kwenye boti, usiku hatoki kabisa mpaka mkubwa awe ameshatoka, na hakuna anayesimama mbele ya jiko kwa upande ambao boti imelalia. Sheria ya tatu tuliiweka mwaka 2021, baada ya uji kumwagikia paja la binti yetu. Nililimwagia maji ya tangi dakika ishirini mfululizo bila kuhesabu lita, na kovu limebaki dogo. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza bahari inaua watoto kwa njia gani, humjibu kwamba mimi kama muuguzi ninaliogopa jiko kuliko dhoruba.

Safari zetu zinafuata pepo. Kaskazi ikishatulia, mwezi wa kumi na mbili, tunashuka kusini kwenda Mafia na Kilwa, tukipita karibu na nchi, kwa sababu mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima na ukitoka nje sana unakurudisha ulikotoka. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikianza mwezi wa nne, tunarudi Tanga na mvua za masika mgongoni. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane hatusafiri, kwani kusi huwa imekaza na ule mkondo hufika hata noti nne, yaani maili nne za baharini kwa saa. Boti hukaa ghubani, mume wangu hufanya kazi za watu, nami hushika zamu za uuguzi.

Ninachouliza ni hiki. Mtoto anayekua hivi, makazi yake ni wapi? Na mtaa wake ni upi? Ninawaomba wenye uzoefu wa sheria, wa shule na wa bahari wachangie, na wanaopinga nao waseme, maana nimeshasikia mengi na sitakasirika.

Mwalimu wa Bara

Dada yangu, nimekusoma kwa makini na ninakuheshimu kwa kuandika bila kujipamba. Hata hivyo mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na sina budi kusema ninachokiona. Mwaka wa masomo Tanzania unaanza Januari. Ninyi mnaondoka Desemba na kurudi Aprili. Mtoto asiyeonekana darasani robo ya mwaka, mwalimu wa darasa hana jina jingine la kumwandikia isipokuwa mtoro, hata kama huko alikokuwa alisoma mchana na usiku. Isitoshe, binti yako mwakani atakuwa darasa la nne, na kuna upimaji wa kitaifa ambao mtoto lazima asajiliwe kupitia shule.

La pili ni afya. Nakumbuka habari ya mwaka 2014 ya familia ya Kimarekani iliyokuwa ikivuka Pasifiki na mabinti wawili wadogo, mmoja akiwa na umri wa mwaka mmoja tu. Mtoto yule aliugua wakiwa mamia ya maili kutoka pwani ya Meksiko, ikabidi waokoaji warushwe kwa miavuli kutoka angani, kisha manowari ikawachukua na boti yao ikazamishwa. Watu wengi waliwalaumu wazazi. Je, wewe ungejisikiaje?

BintiKojani

Mwalimu, ahsante. Nianze na la afya kwa kuwa ni fani yangu. Familia ile ilikuwa katikati ya bahari kuu, ambako hospitali ya karibu ni safari ya siku nyingi. Sisi tunasafiri ndani ya visiwa, na safari yetu ndefu kuliko zote haizidi usiku mmoja na mchana mmoja. Kutoka Tanga hadi Mkoani, Pemba, ni kilomita zisizofika 80, ingawa katikati kuna mlango wa bahari ambao kina chake hufika karibu mita 800 na mawimbi yake hayafanani kabisa na ya ghubani. Ninabeba vipimo vya haraka vya malaria, dawa mseto, chumvi za kuongezea maji mwilini na vifaa vya kushonea jeraha. Kuna vijiji vingi vya nchi kavu, bara na visiwani, ambavyo mama mwenye mtoto mwenye degedege yuko mbali na tabibu kuliko mimi. Sikuwalaumu wazazi wale wa 2014, lakini nami nisingevuka bahari kuu na mtoto asiyeweza kunieleza panapomuuma.

Kuhusu shule sina cha kukupinga. Vitabu vya Taasisi ya Elimu tunavyo, vingine vya karatasi na vingine tumevipakua kutoka maktaba yao ya mtandaoni, na binti anasoma saa tatu kila asubuhi, hata tukiwa Kilwa. Tulikwenda kumwona mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na kwa mama yangu, tukamweleza kila kitu, naye akakubali binti aandikishwe, apewe kazi za miezi ile, na afanye mtihani anaporudi. Amefanya vizuri katika hesabu, hasa vipimo na pembe, kwa sababu anavitumia kwenye ramani ya bahari. Katika uandishi wa insha yuko nyuma. Kuna jambo jingine linaloniumiza zaidi: kila Aprili anaingia katika darasa ambalo urafiki wake umeshagawanywa. Wasichana wamekwisha kupata wenzao wa kukaa nao dawati moja. Huchukua wiki tatu au nne kabla ya kumsikia akitaja jina la mtu.

Baba wa Watatu

Dada, samahani kwa swali la moja kwa moja. Maharamia je? Mimi ninaishi Mombasa na nakumbuka miaka ile mambo yalivyokuwa.

BintiKojani

Kaka, swali lako ni la haki. Mwezi wa nne mwaka 2009 boti ya matanga ya familia ya Kifaransa, iliyokuwa ikija huku kwetu, ilitekwa nje ya Somalia ikiwa na mtoto wa miaka mitatu ndani. Makomando walipoivamia kuwaokoa, baba wa mtoto yule alipoteza maisha. Mwaka 2011 familia ya Kidenmark yenye watoto watatu ilitekwa na kushikiliwa kwa miezi zaidi ya sita. Miaka ile hakuna aliyekuwa na akili timamu ambaye angetoka na watoto nje ya pwani ya Somalia. Baadaye mashambulizi yalipungua sana, na tarehe 1 Januari 2023 mashirika ya meli yakaacha kuihesabu sehemu hii ya bahari kuwa eneo la hatari kubwa, ingawa mwishoni mwa mwaka huo huo utekaji ulianza tena upande wa Somalia. Sisi hatupandi kaskazini ya Kilifi.

Ustadhi Mdogo

Assalamu alaikum, dada. Mimi ningependa kujua ibada mnaifanyaje, na watoto chuo cha Kurani wanasoma lini.

BintiKojani

Waalaikumu salaam warahmatullah. Tukiwa safarini tunafupisha sala kama msafiri yeyote, na anayeshika usukani anangoja mwenzake amalize. Tukiwa nangani kuna jambo ambalo watu wa nchi kavu hawalifikirii: boti iliyotia nanga inazunguka. Maji yakijaa inaelekea huku, yakipwa inaelekea kule, upepo nao unaongeza lake. Mtu anaweza kutoa takbira ameelekea kibla na akafika tahiyatu ya mwisho akiitazama Pangani. Kwa bahati njema, kutoka Tanga Makka iko karibu kaskazini barabara, hivyo sindano ya dira inatosha. Mwanangu wa miaka mitano ndiye mwenye kazi hiyo. Huleta dira ndogo ya mkononi, huiweka juu ya msala, hungoja sindano itulie, kisha huuvuta msala mpaka ukae sawa, na hakubali mtu asimame kabla hajasema "tayari".

Chuoni wanakwenda Aprili hadi Novemba kwa maalimu yule yule aliyenisomesha mimi. Miezi iliyobaki baba yao anawadurusisha. Maalimu ni miongoni mwa watu wachache ambao hawajawahi kuniuliza kwa nini tunaishi hivi.

Mswahili wa Rotterdam

Wapendwa, nimeishi Uholanzi miaka kumi na nane na naomba kuongeza mfano wa huku, kwa sababu suala la serikali na mtoto wa botini lilifika mahakamani. Mwaka 2009 msichana anayeitwa Laura Dekker, mwenye umri wa miaka 13, alitangaza kwamba anataka kuizunguka dunia kwa matanga peke yake. Alikuwa amezaliwa New Zealand mwaka 1995 wakati wazazi wake wakiwa katika safari ya kuzunguka dunia, na miaka yake ya mwanzo aliishi baharini. Mahakama ikamweka chini ya uangalizi wa ustawi wa watoto, mvutano ukaendelea hadi Julai 2010, ndipo mahakama ikaacha uamuzi kwa wazazi wake. Aliondoka mwezi uliofuata, akamaliza Januari 2012 akiwa na miaka 16.

Sisemi kwamba watoto wa dada yetu wapelekwe peke yao baharini. Nakumbuka tu kwamba hoja mojawapo nzito ya wale waliompinga ilikuwa shule na makuzi, yaani nani atakuwa karibu naye anapokua. Ujerumani, jirani zetu, sheria inamtaka mtoto aende shuleni kimwili, na kumfundishia nyumbani hakuruhusiwi. Ufaransa, ambako familia nyingi za maboti zinatoka, tangu mwaka 2022 mzazi anahitaji kibali. Kwa hiyo dada, huo ukuta uliougonga wewe haukujengwa Tanga peke yake.

Mwalimu wa Bara

Ninakubaliana na ndugu wa Rotterdam, na ninaomba kuuliza jambo ambalo sijaliona katika maelezo yote. Je, umewahi kuogopa kiasi cha kutaka kuacha?

BintiKojani

Ndiyo, Mwalimu. Nitaeleza usiku mmoja.

Ilikuwa Julai 2022. Tulikiuka desturi yetu ya kutosafiri miezi ile, kwa sababu ya arusi Pemba, na tulikuwa tumetia nanga upande wa magharibi wa kisiwa, mahali ambapo mchanga ni mwembamba juu ya mwamba. Saa nane usiku nilisikia mnyororo. Mnyororo wa nanga iliyoshika hausemi kitu, ila unapoburutwa juu ya mwamba sauti yake hupita ubavuni mwa boti na kuingia kitandani, kama mtu anayesaga karanga kwenye kinu cha mkono. Mume wangu alikuwa ameshatoka nje kabla sijakaa. Upepo ulikuwa umegeuka na kutusukuma kuelekea miambani, mvua imekuja ya pembeni, na taa za ufukweni hazionekani.

Mdogo nilimfunga kitandani kwa kile kitambaa cha kuzuia asianguke. Mkubwa, wakati huo ana miaka sita, alikuwa amekaa kwenye ngazi bila kuambiwa, jaketi amelivaa mwenyewe, na mbele yake kile kioo kidogo kinachoonyesha kina cha maji. Akaanza kusoma. "Sita. Tano na nusu. Tano." Hakulia, wala hakuongeza neno jingine. Boti yetu inahitaji maji ya mita moja na sentimita themanini ili ielee. "Nne na nusu. Nne." Injini ilikataa mara ya kwanza, ikakataa mara ya pili. "Tatu na nusu." Mara ya tatu ikawaka, lakini upepo ulikuwa na nguvu kuliko sisi, na kazi yote ya injini ikawa kutuzuia tusirudi nyuma.

Hapo ndipo nilipoiona tochi upande wa kushoto. Walikuwa wavuvi wa dago, watu wanne ndani ya mashua, waliokuwa wamepiga kambi ufukweni na wakaona taa yetu ya mlingotini ikisogea mahali ambapo haikupaswa kusogea. Hawakuuliza kitu. Walichukua nanga yetu ya pili na amari yake, wakapiga makasia hadi kwenye maji ya kina, wakaitupa, wakapiga kelele tuvute. Ikashika. Nilimsikia binti akisema, "Nne. Nne. Nne na nusu," kisha akanyamaza.

Asubuhi nilikwenda kambini kwao na sanduku langu la dawa. Mmoja alikuwa na jeraha la mwiba wa samaki lililotunga usaha, nikalisafisha. Tulikula mihogo na changu wa kuchoma. Mzee wao aliponiuliza kwetu ni wapi, nikamtajia Kojani na jina la babu yangu, akaniambia aliwahi kukaa naye dago Vanga.

Nilitaka kuacha, ndiyo, kwa muda wa wiki nzima. Sikuacha kwa sababu ya wale watu wanne. Nyumba yangu ilipoanza kuhama usiku, kuna mtu aliyeiona.

Nahodha Mstaafu

Mwanangu, mimi nimekwenda na majahazi miaka arobaini, Lamu hadi Mtwara, na leo macho hayanisaidii, anayeniandikia ni mjukuu wangu. Nina maneno mawili.

La kwanza, wale wanaodhani jambo hili ni la Wazungu wanakosea. Wako watu wa bahari wa Asia, Wamoken wa Burma na Thailand, na Wabajau wa Ufilipino, Malaysia na Indonesia, ambao kwa vizazi vingi walizaliana ndani ya vyombo vyao. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilipokuja, Wamoken wa visiwa vya Surin waliyaona maji yakirudi nyuma, wakakumbuka yale waliyoambiwa na wazee wao, wakakimbilia juu. Watoto waliolelewa majini hawakuwa wajinga.

La pili ndilo kubwa. Chombo chochote chenye karatasi halali kina bandari yake, na jina la bandari huandikwa shetrini, nyuma ya chombo. Hata kiwe Bombay, kikiulizwa kwao ni wapi, jibu liko nyuma yake. Kwa nini basi hukumwonyesha karani shetri lako?

BintiKojani

Shikamoo, mzee wangu, na Mungu akupe nuru. Shetri letu limeandikwa Mombasa, kwa kuwa ndiko boti iliposajiliwa tulipoinunua, na Mombasa hatujawahi kulala hata siku tatu. Bandari ya chombo na kwao mtoto ni vitu viwili, na mimi nilikuwa nikiviona kuwa kimoja mpaka ulipoandika.

Mtendaji wa Zamani

Ndugu mwanzisha uzi, mimi niliwahi kuwa afisa mtendaji wa mtaa kabla ya kustaafu. Naona mnazunguka jambo ambalo lina njia ya wazi. Karani yule hakuwa na uwezo wa kuandika zaidi ya alichoambiwa, na mlichomwambia ninyi wenyewe ni kwamba hamna mtaa. Nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wa nyumbani kwa mama yako. Mwenyekiti hapimi kuta wala paa. Anaangalia kama mnajulikana, kama mnashiriki, kama kuna jirani atakayesema "hawa ni wetu". Yuko mtu anayelala ndani ya nyumba ya ghorofa miaka kumi na mtaa haumjui, na huyo barua ataipata kwa shida kuliko ninyi. Je, mnachangia misiba?

BintiKojani

Mtendaji, nimechelewa kujibu siku tano kwa sababu nilikwenda kufanya ulichonishauri, na nilitaka kurudi na jambo la kueleza.

Swali lako la misiba lilinifanya nione aibu kwanza, kisha nikakumbuka. Miezi tunayokaa Tanga tunachanga, na tukiwa kusini mama huchanga kwa jina letu, nasi tunamrudishia. Mwaka jana jirani yetu wa mlango wa pili alifariki Februari, sisi tuko Kilwa. Tulituma mchango kwa simu, nasi tuliporudi Aprili jambo la kwanza lilikuwa kwenda kutoa pole. Wala sikuwahi kulihesabu hilo kama makazi.

Mwenyekiti alitupokea barazani kwake baada ya alasiri. Alisikiliza hadithi ya fomu mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na madaftari mawili. La kwanza lilikuwa la wakazi, na ndani yake jina langu lipo tangu nikiwa msichana, halikufutwa. La pili lilikuwa la michango ya misiba. Akafungua ukurasa wa Februari, akaweka kidole kwenye mstari: jina la mume wangu, kiasi, na pembeni kwa mkono wake mwenyewe, "wako safarini". Binti alikuwa nasi. Niliona macho yake yakifuata kile kidole.

Barua aliyotuandikia ina aya mbili. Sehemu inayohusika inasema kwamba waliotajwa ni wakazi wa mtaa huu, wanaishi majini mbele ya mtaa, na baadhi ya miezi huwa safarini kwa shughuli zao. Akapiga muhuri. Tuliipeleka kwenye ile ofisi siku ya pili yake. Karani yule yule aliisoma mara mbili, akakata yale maneno matatu kwa mstari mmoja, akaandika jina la mtaa juu yake.

Mwalimu wa Bara

Nimefurahi kweli, dada. Na darasa la nne je?

BintiKojani

Tumekaa kikao, sote wanne. Binti amepewa nafasi ya kusema na amesema anataka kukaa Januari hii, ili siku ya kwanza ya shule awe miongoni mwa wanaochagua dawati. Kwa hiyo kaskazi hii hatushuki kusini. Baba yao ameumia kidogo, maana Kilwa kulikuwa na kazi mbili zilizokuwa zikimngoja, lakini amekubali. Boti hatuiuzi na hatuihami. Itakaa nyuma ya kisiwa cha Toten, humu humu ghubani Tanga, na watoto watapelekwa ufukweni kwa kidau kila asubuhi, mfuko wa vitabu ndani ya mfuko wa plastiki. Baada ya upimaji tutaketi tena.

Baba wa Watatu

Na gharama, dada? Hujagusa.

BintiKojani

Kaka, kwa ufupi: nanga haidai kodi ya mwezi, lakini chumvi inakula kila kitu, na mtu asiye na fundi ndani ya nyumba atamaliza akiba yake katika mwaka wa kwanza. Nikipata nafasi nitaandika hesabu zetu za mwaka mmoja, matumizi ya rangi, kamba, gesi na mafuta, ili anayefikiria jambo hili apige hesabu kwa namba za kweli.

Kesho sitakuwepo hapa mchana. Ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na yakijaa asubuhi tutaisogeza boti hadi kwenye nguzo za ufukweni, tuifunge, tungoje yapwe, tusugue chaza na kupaka rangi chini ya mkuku kabla hayajarudi jioni. Tuna kama saa tano za kazi. Wajomba wawili wamesema watakuja, na maalimu amewaruhusu wanafunzi wake wakubwa waje kusaidia kusugua. Binti ameandika majina ya wenzake wanne wa darasani aliowaalika waone boti ikiwa imesimama mchangani, na mama yangu ameahidi chungu cha ubwabwa.